Kakakuona aachwe porini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie wale wanaomkamata kakakuona kwa nia njema. Katika vijiji kadhaa vya Tanzania, mnyama huyu akionekana hupelekwa mbele ya wazee na kuwekewa maji, nafaka na silaha ili atabiri mvua, mavuno au vita, na watu humzunguka mchana kutwa, ilhali yeye ni mnyama wa usiku ambaye akiogopa hujikunja kama mpira.

Nafaka hizo hawezi kuzila. Kakakuona hana hata jino moja. Hufukua vichuguu kwa kucha za miguu ya mbele, akanasa mchwa na sisimizi kwa ulimi mrefu wenye ute, kisha tumbo lake, likisaidiwa na vijiwe anavyovimeza, ndilo linalosaga. Ndiyo maana wengi wao hufa upesi wakifungiwa, kwani kumpatia chakula hicho ni kazi ngumu mno.

Kwa kuwa jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu, kila anayeuawa kwa ajili ya magamba, ambayo ni keratini ile ile ya kucha zetu, huacha pengo lisilozibika haraka. Biashara ya kimataifa ya kakakuona ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa mataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, kuanzia 2017. Wazee wetu, kama ni lazima watabiriwe, wamtazame huko huko porini, na anayemkuta barabarani awaite askari wa wanyamapori badala ya kumtia kwenye gunia.

Msomaji wako,
Dodoma