Daftari la simu lisipotee na simu

Mhariri,

Wenye maduka wengi siku hizi wanaandika madeni kwenye Google Keep, programu ya bure. Ni jambo jema, ila mwanzo wake mara nyingi ni mbovu: muuza simu humfungulia mteja akaunti ya Google harakaharaka, na neno la siri analijua yeye tu. Simu ikiibiwa, madeni yote yanabaki ndani ya akaunti isiyofunguka. Inauma sana. Fungua akaunti mwenyewe, neno la siri liandike kwenye karatasi inayobaki nyumbani, kisha ingia kwa simu nyingine uone kama maandishi yanatokea.

Kila mdaiwa awe na noti yake, yaani ukurasa wake mdogo wa maandishi ndani ya programu: jina kwenye kichwa, chini tarehe, bidhaa na kiasi, mfano "14/3 unga kilo 2, sh 3,600". Ukirundika wadaiwa 30 kwenye noti moja, mstari ukifutika kwa kidole hutajua. Deni likilipwa, noti ipeleke kwenye kumbukumbu (Archive), usiifute. Kilichoingia kwenye tupio hupotea kabisa baada ya siku 7, na ubishi wa deni huja mwezi unaofuata.

Bila bando unaandika kama kawaida, lakini nakala haipandi kwenye akaunti mpaka intaneti irudi. Washa data kila jioni kabla ya kufunga duka. Namba ya siri ya pesa za simu usiiandike humo kamwe, kwa sababu noti moja moja hazina kufuli.

Msomaji wenu,
Morogoro