Rafiki yangu anataka nimsimamie kanisani, mchumba wake ananiomba nijitoe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 28, nimeoa, nafanya biashara ya viazi mviringo hapa Uyole, Mbeya. Nina jambo linaninyima usingizi, na kila mtu mzima ambaye ningemwendea linamgusa kwa namna moja au nyingine. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia wewe.

Linahusu harusi ya rafiki yangu. Yeye ni Mkristo, mlokole, mimi ni Mwislamu. Tulizaliwa jirani Katumba, makazi ya wakimbizi kule Mpanda. Babu zetu walivuka kutoka Burundi mwaka 1972 wakikimbia mauaji. Wa kwetu walitokea Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, wa kwao walitokea milimani. Katumba Waislamu tulikuwa wachache, lakini sikukua nikijiona mpweke. Asubuhi ya Krismasi mama yake alikuwa akimtuma kwetu na jogoo aliyefungwa miguu kwa kitambaa. Baba anamlaza kuelekea Kibla, anamchinja, rafiki yangu anamrudisha kwao akiwa bado anachuruzika damu, na mchana wote tunakula kwao. Hakuna aliyemwomba mama yule afanye hivyo. Hakutaka tu watoto wa jirani wakae pembeni wakitazama wenzao wanakula.

Mwaka 2007 serikali ilipotupa hiari, kurudi Burundi au kuomba uraia, nyumba nyingi ziligawanyika. Ya kwao ilikuwa mojawapo. Baba yake alijiandikisha kurudi, akaondoka na wanawe wakubwa kwenda kufuatilia shamba la babu. Alimwambia mkewe akishalipata atakuja kuwachukua. Mama aligoma kuondoka, rafiki yangu akabaki naye. Baba hakuja tena. Sisi tuliobaki tukakaa miaka, hatuhesabiwi wa huku wala wa kule, mpaka vyeti vya uraia vilipoanza kugawiwa Oktoba 2014. Zamani hata kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Tulipopata vyeti, mimi na yeye tukapanda basi kuja Mbeya kutafuta maisha. Tulianza kwa kubeba magunia, tukapanga chumba kimoja mpaka nilipooa, sasa tuna biashara yetu. Ijumaa nikienda msikitini yeye anabaki na mzigo, Jumapili nabaki mimi. Mpaka leo tukishindwana bei na mteja, wapo wanaotuita wakimbizi.

Sasa amepata mchumba, binti wa Tukuyu, msichana mzuri mwenye heshima. Mama yake rafiki yangu ni mgonjwa, hawezi safari ya kutoka Katumba, kwa hiyo posa nilipeleka mimi. Wazee waliniuliza mimi ni nani kwake, nikasema ni ndugu yake, na kwangu huo ndio ukweli. Walinipokea vizuri. Maneno yalianza kanisani, majina ya wasimamizi yalipopelekwa, wakaona langu na la mke wangu.

Mchungaji hakunikemea, na nataka nimtendee haki. Alitueleza kwa upole kwamba msimamizi anaahidi mbele ya Mungu kuilea ile ndoa katika imani yao, kwa hiyo lazima awe ameokoka na awe amefunga ndoa kanisani. Shangazi, mimi namwelewa. Kuingia kanisani hakunisumbui, nimeshaingia kwenye misiba na harusi za watu. Ila kuahidi mbele ya Mungu jambo ambalo sitalitimiza, hilo hata dini yangu hainiruhusu, na kaka yangu mkubwa ameshaniambia hivyo hivyo.

Rafiki yangu ndiye hataki kusikia. Nilimkumbusha kwamba kwenye nikaha yangu yeye hakuwa shahidi, kwa kuwa mashahidi lazima wawe Waislamu, na hakununa. Alishinda jikoni na wapishi wa pilau mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi. Akanijibu, "Wewe siku ile ulikuwa na baba yako na kaka yako pale mbele. Mimi nina nani?" Nilikosa la kusema. Sasa anasema kama hawamtaki ndugu yake, atafunga ndoa bomani. Ameshakwenda kuulizia, akaambiwa taarifa inatolewa siku 21 kabla.

Wakati nawaza hayo, mchumba wake akaja Uyole peke yake. Alinikuta nashona mdomo wa gunia, akakaa juu ya gunia jingine akingoja vijana wa kupakia waondoke. Akasema, "Shemeji, baba amekubali kwa shida kunitoa kwa mtu ambaye ukoo wake hauonekani. Ndoa ikiwa ya bomani hatakanyaga. Nakuomba ujitoe. Mwambie umepata safari ya mzigo, na tafadhali asijue kama nimekuja." Kisha akalia.

Simlaumu hata kidogo. Binti anataka kuolewa mbele ya wazazi wake, na hajanitamkia neno baya juu ya dini yangu. Lakini ananiomba nimdanganye mtu ambaye baba yake alimwambia atarudi, asirudi. Nikisingizia safari siku ya harusi yake, ataniweka kundi moja na baba yake, na biashara yetu na urafiki wetu vitabaki na ufa. Nikimwambia ukweli kwamba mchumba wake alinifuata, nitakuwa nimewagombanisha kabla hawajaanza nyumba yao. Mke wangu anasema nikae kimya niache kamati iamue. Mimi naona kukaa kimya ni kumwacha aelekee bomani peke yake.

Kuna njia moja naifikiria. Usimamizi wa kanisani wapewe mume na mke wa kanisa lao, halafu mimi nipewe nafasi ya upande wa baba wa bwana harusi: nimpeleke mpaka mlango wa kanisa, nikae kiti cha mbele, na ukumbini nisimame kuzungumza kwa niaba ya ukoo na kuwashukuru wakwe. Hapo siahidi lolote la dini ya watu, na yeye anakuwa na mtu wake. Tatizo ni nani wa kulisema. Nikilipeleka mwenyewe kwa mzee wa Tukuyu, nitaonekana najiombea cheo. Nikianza kwa rafiki yangu, ataona nimeshakubali kusukumwa pembeni, na namjua, ataniuliza nimeongea na nani.

Naomba unisaidie, Shangazi. Je, nianze na rafiki yangu au na baba mkwe wake? Je, ni halali kumficha kwamba shemeji alikuja kwangu, maadamu nitajitoa kwa sababu zangu mwenyewe ambazo ni za kweli? Na ikiwa atashikilia bomani, niende kutia sahihi kama shahidi wake, huku nikijua wazazi wa binti hawatakuwepo? Kamati inakaa mwisho wa mwezi huu kupitisha majina, nitashukuru nikipata jibu lako kabla ya hapo.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya