Mhariri, Olga na Ivan si majina ya Kislavi jamani

Mhariri, naomba kanafasi nitoe dukuduku langu kuhusu hizi orodha za majina ya watoto zinazosambaa kila mahali. Unakuta kichwa cha habari "majina mazuri ya Kislavi na maana zake" (Kislavi ni jamii ya lugha za Warusi, Waserbia na wenzao), halafu juu kabisa wamepanga Ivan, Olga, Igor na Natasha, na watu wanasifia wee, kumbe hapo hakuna hata moja lenye asili ya Kislavi. Ivan ni Yohana yuleyule, limetoka kwenye Kiebrania likapitia kwa Wagiriki. Olga na Igor yaliletwa na watu wa Skandinavia waliokuja zamani kutawala Kiev, mji mkuu wa Ukraine ya leo, kwao ilikuwa Helga na Ingvar. Na Natasha wala si jina kamili, ni Natalia limekatwa kwa mapenzi, na Natalia lenyewe ni la Kilatini.

Ya Kislavi yenyewe mengi ni maneno mawili yameunganishwa. Slava ni sifa au utukufu, mir ni amani, rad ni furaha, bog ni Mungu, basi ukishajua hivyo vipande unajisomea mwenyewe Miroslav, Radoslav, na Bogdan yaani aliyetolewa na Mungu. Ludmila ni kipenzi cha watu, hilo mimi nalipenda kuliko yote.

Lakini yanayonisisimua zaidi ni yale ya kinga, ambayo hizi orodha haziyagusi kabisa, sijui wanaona aibu. Zamani Warusi walikuwa wanamwita mtoto Nekras, yaani asiye mzuri, ili jicho baya limpite. Waserbia nao wana Vuk, mbwa mwitu. Vuk Karadžić, yule aliyekuja kutengeneza upya uandishi wa Kiserbia, alizaliwa 1787 baada ya wazazi wake kufiwa na watoto kadhaa, wakampa jina hilo kwa sababu waliamini wachawi wanamwogopa mbwa mwitu, na kweli akaishi mpaka 1864. Hiyo ndo historia ya jina sasa, siyo kuandika tu "jasiri, mwenye bahati" kwa kila mtoto.

Dini nayo ilivuruga mambo. Vladimir, mtawala wa Kiev, alipobatizwa mwaka 988 akaitwa Vasily, na kuanzia hapo taratibu majina ya watakatifu yakayasukuma pembeni yale ya kienyeji. Vera, Nadezhda na Lyubov (imani, tumaini, upendo) ni maneno ya Kislavi kweli ila yametafsiriwa kutoka Kigiriki. Svetlana ndo kichekesho, watu wanadhani ni la kale kumbe limetungwa na washairi wa Urusi mwanzoni mwa miaka ya 1800, na kwa vile halikuwepo kwenye kalenda ya kanisa, binti akipelekwa kubatizwa anapewa Fotinia. Wakomunisti walivyoingia nao wakaleta yao, Vladlen kutoka Vladimir Lenin, kiongozi wa mapinduzi yao kule Urusi, na Ninel ambalo ukilisoma kinyumenyume ni Lenin. Sasa mzazi anaona Ninel limekaa kike kike na linapendeza, anampa mtoto, hajui amembebesha nini.

Kwa hiyo Mhariri mkichapisha tena hizo orodha naomba mtuambie kila jina limetoka lugha gani, isiishie tu kwenye maana tamu tamu. Na tafadhali sana mtoeni Nikita kwenye safu ya wasichana, kule Urusi ni jina la kiume, hata Khrushchev aliyeongoza Muungano wa Kisovieti alikuwa Nikita. Sasha ndo mnaweza kumwacha popote, maana ni kifupi cha Aleksandr na cha Aleksandra pia.

Ni mimi msomaji wenu wa siku zote.