RISALA YA KLABU YA FILAMU KWA MGENI RASMI KATIKA UFUNGUZI WA WIKI YA MAKALA HURU ZA CHINA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wageni waalikwa: itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Wiki hii tunaonyesha filamu za makala zilizotengenezwa China nje ya mfumo wa televisheni ya serikali.

Mheshimiwa, makala za televisheni ya huko zilizoeleka hivi: maandishi kwanza, msimulizi anayasoma, picha zinatafutwa za kuyafunika. Wu Wenguang, aliyetoka kwenye televisheni hiyo hiyo, aliupindua utaratibu huo. Kuanzia 1988 aliwarekodi wasanii watano waliokuwa wakihangaika na maisha Beijing bila ajira ya serikali, akawaacha wajieleze wenyewe. Filamu yake, Liulang Beijing, ilikamilika 1990, nayo ndiyo huhesabiwa kuwa makala huru ya kwanza ya China.

Hata hivyo, kamera za wakati huo zilikuwa za kuazima vituoni. Mlango ulifunguka hasa zilipokuja kamera ndogo za dijitali za kanda ya MiniDV, katikati ya miaka ya 1990. Mtu mmoja aliweza kushika kamera, kusikiliza sauti na kukaa na watu mpaka wamzoee. Wang Bing alifanya hivyo kati ya 1999 na 2001 katika viwanda vilivyokuwa vikifa wilayani Tiexi, mjini Shenyang. Alirekodi takriban saa 300. Filamu ina dakika 551. Tutaionyesha kwa jioni tatu, maana ina sehemu tatu, na viti vyetu ni vya mbao.

Urahisi huo una gharama zake. Kanda moja hubeba dakika 60, na kuihamishia kwenye kompyuta huchukua dakika 60 zile zile. Kila saa hula gigabaiti 13 hivi, kwa hiyo saa 300 ni karibu terabaiti 4. Anayebana matumizi kwa kuifanya kanda izunguke polepole wakati wa kurekodi hupata dakika 90, lakini kanda hiyo ikichezwa kwenye mashine nyingine picha huweza kukatika vipande vipande. Akirudisha kanda nyuma kutazama, kisha akaacha pengo tupu kabla ya kuendelea, namba za muda huanza upya sifuri na mhariri hupotea. Sauti ndiyo huumia zaidi: maikrofoni iliyo juu ya kamera hunasa upepo na mashine kabla ya kumnasa msemaji.

Filamu zikipatikana, zionyeshwe wapi? Mjini Kunming, kusini magharibi mwa China, kulikuwa na tamasha tangu 2003, na Songzhuang, pembezoni mwa Beijing, likawepo lingine. Agosti 2014 hilo la Songzhuang lilizuiwa, na nyaraka na filamu za hifadhi zikachukuliwa. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2017 inakataza filamu isiyo na kibali kuonyeshwa hadharani au kupelekwa kwenye matamasha. Kwa maoni yetu pigo la hifadhi ni zito kuliko la ukumbi, kwani ukumbi hupatikana hata sebuleni.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, maombi yetu ni machache: diski tatu za nje za terabaiti 4, ili kila kazi ya wanafunzi iwe na nakala tatu, moja ikitunzwa nje ya chuo, kinasa sauti kimoja, maikrofoni mbili za kubana kifuani, na kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo. Kamera tunazo.

Baada ya kusema hayo, tunakukaribisha uzungumze nasi na kufungua rasmi maonyesho haya.