Fidia pekee haiwatoshi wavuvi wa Lamu

Mhariri,

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Gati la kwanza lilifunguliwa 2021. Lakini fedha haziondoi tope la ujenzi huo kwenye matumbawe. Na wavuvi wakiambiwa wahamie bahari kuu, mvuvi mwenye mashua ya tanga na madema (mitego ya samaki) machache atawafuataje samaki huko wakati wa kusi, upepo mkali wa kusini? Ni kumhatarisha tu! Wanaopanga viwanda huko Kililana, karibu na bandari, wawaulize kwanza manahodha wa Pate na Mokowe njia zao ni zipi, na mikoko ipi isiguswe kabisa. Vijana wetu nao wafunzwe kazi za bandarini sasa hivi, kabla nafasi hazijajaa.

Mkazi wa Lamu