Kufuli la choo halizuii vifo vya unga

Mhariri,

Hapa Kisumu, mtaani Kondele, stendi ya mabasi na kando ya soko la Kibuye, ufunguo wa choo hukaa kaunta na anayeonekana teja hunyimwa. Pakitajwa kituo cha kuwahudumia watumiaji wa unga, yaani heroini, wenye biashara husema kiwekwe kwingine. Sisi tunaofanya kazi ya kupunguza madhara ya mihadarati tunaielewa hofu yao, kwani sindano ikionekana kwenye sinki mteja harudi. Ila kufuli haliwasaidii.

Aliyenyimwa choo hujidunga kichochoroni nyuma ya jiko lako, haraka haraka, bila kupima. Akikipata, hujifungia peke yake, na heroini ikizidi pumzi hufifia hadi ikakatika. Mwenye mwenzake huweza kuokolewa. Aliye nyuma ya komeo hugunduliwa mtu akija kupiga deki. Walio hatarini zaidi ni waliotoka jela au rehabu juzi, kwani mwili hauhimili tena kipimo cha zamani, na wanaochanganya unga na pombe au bugizi, vile vidonge vya usingizi.

Choo chenyewe hurekebishika. Mlango ufungukie nje, maana aliyeanguka huuziba kwa mwili wake. Komeo liweze kufunguliwa kutoka nje kwa bisibisi, na chini pabaki nafasi ya kuona miguu. Anayepitisha dakika kumi abishiwe hodi. Weka mtungi mgumu wa plastiki wenye kifuniko kwa ajili ya sindano. Anayeziokota atumie koleo na asijaribu kuirudishia sindano kifuniko chake, hapo ndipo watu huchomwa. Aliyechomwa aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue, akimbilie hospitali: dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, naye azimeze siku 28.

Aliyezidiwa hukoroma au hupumua kwa nadra, midomo hugeuka buluu au kijivu, mboni hunywea, na haamki hata ukimsugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole. Watu humwagia maji, humnywesha maziwa, au humburuta hadi mtaroni asije akafia dukani. Maziwa huingia mapafuni. Anachokosa ni hewa: piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, inua kidevu, mpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde tano. Aliyefunzwa amdunge naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini, miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja, na baada ya dakika mbili tatu, asipopumua vyema, amwongeze nyingine. Dawa hii haimdhuru ambaye hakutumia unga, ingawa kwa pombe na bugizi haifui dafu. Kosa kubwa huja baadaye. Aliyezinduka huamka na arosto, yale maumivu ya kukatikiwa na unga, mkali, akitukana, naye hufukuzwa. Nguvu ya naloksoni huisha kati ya dakika 30 na 90, na unga uliobaki mwilini huweza kumwangusha tena mtaa wa pili. Mlaze kwa ubavu, mkae naye hadi ambulensi ifike.

Vancouver, Kanada, ilifungua mwaka 2003 chumba cha kujidungia mbele ya wauguzi. Utafiti uliochapishwa 2011 ulionyesha vifo vya kuzidiwa vilipungua kwa asilimia 35 ndani ya mita 500 za kituo, na kwa asilimia 9.3 kwingineko jijini. Sindano zilizotupwa ovyo zilipungua pia, jambo ambalo mwenye duka hulijali kuliko takwimu za vifo, na hatumlaumu.

Chumba kama hicho hapa Kenya kingegongana na sheria ya mihadarati ya 1994, inayomtia hatiani mwenye jengo anayeruhusu litumiwe kwa mihadarati. Kumwokoa aliyeanguka si kuruhusu. Nacho kituo cha ushauri, sindano safi na rufaa ya methadoni, dawa anayopewa mtumiaji badala ya heroini, ni huduma ambayo tayari ipo nchini. Kikipendekezwa mtaani kwako, dai masharti kwa maandishi: saa za kufungua, nani atazoa sindano asubuhi na jioni hadi umbali gani, simu ya msimamizi inayopokewa, na mhudumu mmoja wa kila hoteli jirani afunzwe naloksoni kabla mlango haujafunguliwa.

Wahudumu wa afya ya jamii,
Kisumu