Risala ya Klabu ya Elimu ya Anga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi ya Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha hapa Rujewa siku ya leo. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tarehe 1 Septemba 2016 Jua lilipatwa hapa hapa kwetu Mbarali. Wengi wetu tulikuwa watoto wadogo. Tunakumbuka Jua likibaki pete, mwanga ukififia mchana kweupe, na wageni wakiwa wengi kuliko siku yoyote tuliyowahi kuiona. Pete ikapita, wageni wakaondoka. Kwetu sisi lilibaki swali: je, hakuna namna ya kulichunguza Jua siku zote, bila kungoja lipatwe na bila kuyaumiza macho? Klabu yetu ilianzia kwenye swali hilo, na jibu tulilipata kwenye dishi bovu la televisheni.

Dishi hilo liko nyuma ya maktaba, na baada ya risala hii tunaomba tukupeleke ukalione. Ni dishi la wavu la futi sita, la zamani, tulilopewa na mzazi aliyehamia kwenye dishi dogo. Watu hutuuliza wavu wenye matundu utanasaje kitu. Jua hutoa mawimbi ya redio pamoja na mwanga, na yale tunayoyapokea yana urefu wa sentimita saba na nusu hivi, na matundu ya wavu ni madogo sana kuliko hapo, kwa hiyo kwa wimbi la redio wavu ule ni kama bati zima. Katikati, juu ya miguu mitatu, imekaa LNB ileile ya televisheni, yaani kile kichwa kinachopokea mawimbi yanayokusanywa na dishi. Tumeiunganisha na kipimo cha mshale ambacho mafundi madishi hutumia kusakia setilaiti. Hatuna zaidi ya hapo, Mheshimiwa, na hivyo vinatosha kuwa darubini ya redio, yaani chombo cha kuchunguza anga kwa mawimbi ya redio badala ya mwanga.

Kulielekeza kwenye Jua hatutumii macho. Tumebandika karatasi nyeupe katikati ya dishi, kisha tunalizungusha taratibu mpaka kivuli cha LNB kiangukie juu ya karatasi. Hapo mshale unapanda. Halafu tunaliacha dishi lilivyo, hakuna anayeligusa, nasi tunaandika namba kila nusu dakika. Dunia inazunguka, kivuli kinateleza kutoka kwenye karatasi, na mshale unashuka. Tangu uanze kupanda hadi ulale tena, robo saa hivi inakuwa imekwisha. Siku ya kwanza tulipochora namba zile kwenye karatasi ya grafu na kuona kilima kimoja laini, hakuna aliyekumbuka kengele ya chakula.

Tumejifunza pia kwamba kila kitu chenye joto hutoa mawimbi haya. Ukiweka kiganja mbele ya LNB iliyoelekea anga tupu, mshale unacheza. Ukilielekeza dishi ukutani, unacheza vilevile. Lakini Jua, lililo mbali kiasi kwamba mwanga wake huchukua dakika nane na zaidi kutufikia, linaushinda ukuta ulio hatua tatu kutoka hapo. Na mawingu hayalizibi. Machi, mvua zilipokuwa zimefunga siku nzima na hakuna aliyeweza kusema Jua liko upande gani, tuliliacha dishi pale lilipokuwa jana yake, tukasubiri saa ileile, na mshale ukapanda.

Wazazi wetu wanalijua jambo hili bila kulipa jina. Kila Machi na kila Septemba zipo siku ambazo televisheni ya dishi hukatika mchana kwa dakika chache, kisha hurudi yenyewe, na fundi anaitwa bure. Siku hizo Jua linakuwa limepita nyuma kabisa ya setilaiti, na kelele zake za redio huimeza sauti ya setilaiti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hata wakubwa wa elimu hii waliikuta kwa njia ya usumbufu. Februari 1942, katikati ya vita, rada za jeshi la Uingereza zilijaa kelele kwa siku kadhaa, ikadhaniwa ni adui. James Stanley Hey, mtafiti wa jeshi hilo, alipochunguza aligundua kwamba kelele zinafuata mwelekeo wa Jua, na kwamba usoni mwa Jua lilikuwepo kundi kubwa la madoa, yaani sehemu zinazoonekana nyeusi kwa kuwa joto lake ni pungufu kuliko la kando yake. Jambo hilo lilifanywa siri mpaka vita vilipokwisha.

Mabinti wa klabu hii wameomba jina la Ruby Payne-Scott, mtafiti wa mawimbi ya redio wa Australia, litajwe leo. Mwaka 1946, yeye na wenzake walitumia antena iliyokuwa juu ya jabali la ufukweni la Dover Heights, Sydney, Australia. Jua likichomoza baharini, mawimbi yake yalifika kwenye antena kwa njia mbili, moja kwa moja na kwa kuakisiwa na maji, na kwa kuyalinganisha walionyesha kwamba mawimbi yale makali yanatoka kwenye eneo la madoa. Miaka ile mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kubaki na ajira ya kudumu katika utumishi wa umma wa Australia. Ndoa yake ilipojulikana aliondolewa katika ajira hiyo, na mwaka 1951 aliacha utafiti. Baadaye alikuwa mwalimu wa shule. Inatuuma kufikiri angegundua nini kingine kama angeachwa afanye kazi.

Anayetugusa zaidi sisi wenye dishi la kupewa ni mtafiti Arthur Covington wa Kanada. Alitumia mabaki ya vifaa vya rada na dishi la futi nne, dogo kuliko letu. Tarehe 23 Novemba 1946 Jua lilipatwa kwa sehemu, naye akaangalia kipimo chake. Mwezi ulipolifunika kundi kubwa la madoa, mawimbi yakapungua ghafla, na yeye akajua yanatoka wapi. Tangu 1947 Kanada imepima Jua kila siku kwa wimbi lilelile la sentimita 10.7, na namba hiyo hutumiwa mpaka leo na wanaotabiri hali ya anga za juu. Utabiri huo una kazi: tarehe 4 Novemba 2015 mlipuko wa mawimbi ya redio kutoka kwenye Jua ulivuruga rada za kuongozea ndege nchini Uswidi, na ndege zikazuiwa kuruka.

Sasa tunafika kwenye ombi letu, Mheshimiwa. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa tena. Litafunikwa lote huko Misri, Saudi Arabia na Yemen. Kwetu Mwezi utamega pembe ndogo tu, baada ya adhuhuri. Tunataka kufanya hapa alichofanya Covington, lakini kwa pembe ndogo namna hiyo mshale wetu utashuka kidogo mno, na jicho la mwanafunzi aliyechoka linaweza lisiuone. Tunahitaji kifaa cha kugeuza nguvu ya mawimbi kuwa namba na kompyuta moja ya kuzihifadhi kila sekunde. Tunahitaji vifike mapema, ili tuwe na miezi mingi ya kulipima Jua la kawaida. Bila hiyo hatutajua upungufu wa siku ile ni wa Mwezi au ni wa mitambo kupata joto.

Ombi la pili ni barua yako ya utambulisho. Upo mtandao wa vipokezi viitwavyo Callisto, vilivyobuniwa Zürich, Uswisi, ambavyo husikiliza milipuko ya Jua usiku na mchana kwa kupokezana nchi kwa nchi. Jirani zetu Rwanda wanacho. Tungependa kuwaandikia tujifunze kwao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kivuli cha LNB kitafika kwenye karatasi saa sita na robo, na kiti chako kipo tayari kando ya dishi. Tumekuwekea kalamu na karatasi ya grafu.

Tunaomba kuwasilisha.